Tarakilishi Ikigoma, Usikimbilie Kufuta!

Katika toleo hili nimeonelea nizungumzie jambo linalotutoa jasho kila muhula kule chumba cha tarakilishi. Mashine ilikuwa nzima jana, ikapokea masasisho, leo asubuhi haiamki. Mara utasikia mtu akisema, "Hii imekufa, wacha tufute kila kitu tuweke Windows upya." Ngoja kwanza, ndugu yangu! Mle ndani mna miradi ya KCSE ya Kidato cha Nne.

Kwanza tuelewe tarakilishi huamka vipi. Ukibonyeza kitufe, programu ndogo iliyomo katika ubao mkuu hukagua vifaa kama kumbukumbu na diski. Ikiridhika, huutafuta mfumo endeshi ndani ya diski na kuukabidhi kazi. Masasisho mabaya aghalabu huvuruga hatua hii ya pili. Faili zako kwa kawaida ziko palepale, kama magunia ya mahindi ndani ya stoo iliyokwama kufuli. Je, nani huchoma stoo kwa sababu ya kufuli?

Wanafunzi ninaowasaidia huwa nawapa utaratibu huu:

1. Kama hakuna taa wala feni inayozunguka, usiyalaumu masasisho. Angalia stima na waya.

2. Chomoa flashi zote, kwani pengine mashine inajaribu kuamkia huko. Na ikiandika kwamba masasisho yanaendelea, isubiri. Kuizima katikati kwaweza kuzidisha maradhi.

3. Ikikwama kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hadi izimike, kisha uiwashe. Inapoanza tu kuamka, izime tena vivyo hivyo. Baada ya mara 2 au 3, Windows 10 au 11 hufungua ukurasa wa matengenezo. Humo tafuta mahali pa kuondoa masasisho, uondoe yale ya mwisho.

4. Ikikataa bado, ukurasa uo huo una njia ya kuiwasha katika hali salama, yaani na vitu vichache vya lazima tu. Ikiamka, nakili miradi kwenye flashi kabla ya kugusa kitu kingine. Ikidai ufunguo wa tarakimu 48, diski imefungwa kwa siri. Muone mwalimu anayeutunza.

Huenda ukauliza, je, mambo haya hufaa kweli? Tarehe 19 Julai 2024, CrowdStrike, kampuni ya Marekani ya usalama wa tarakilishi, ilituma masasisho yenye kasoro. Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Ndege zilikwama, na hospitali kadhaa zikaahirisha shughuli. Dawa ilikuwa gani? Mafundi waliziwasha mashine nyingi katika hali salama, wakafuta faili moja yenye kasoro, zikaamka. Faili moja tu, si diski nzima!

Kwa hivyo, wenzangu, kufuta diski kuwe kimbilio la mwisho kabisa, miradi ikiwa imekwisha kunakiliwa na mwalimu amekubali. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nakomea hapo. Kwaherini, na miradi yenu idumu salama!