Suluhu ya ardhi Ufipa: Wenyeji waulizwe kabla ya mpaka kuchorwa

KWETU sisi wa mijini, ukitaja mgogoro wa ardhi picha inayokuja ni ya kiwanja kimoja chenye hati mbili. Dawa yake tunaijua: wakili, baraza, na miaka ya kusubiri. Huko Ufipa, mkoani Rukwa, mgogoro una sura nyingine, na nionavyo mimi una somo kubwa kwa kila anayetaka kujua suluhu hutengenezwa namna gani na nani anapaswa kuulizwa.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, nchi ya baridi na upepo. Upande wa mashariki uwanda huo unakatika ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake ni Bonde la Ziwa Rukwa, lenye joto na malisho. Wafipa ni wakulima wa siku nyingi. Huko juu wamezoea kulima ntumba, yaani matuta ya mviringo yanayofukiwa majani ili yaoze yawe mbolea. Katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita wafugaji wengi, hasa Wasukuma, walihamia mkoani humo na makundi makubwa ya ng'ombe, wakitafuta majani na maji.

Hapo ndipo mambo yalipogongana. Ng'ombe wakipita juu ya ntumba, kazi ya msimu mzima imekwenda. Mkulima naye akiziba njia ya kwenda mtoni, mifugo ya mwenzake inakufa kwa kiu. Wote ni Watanzania na kila mmoja ana haki yake. Ugomvi wa namna hii hauishi kwa kumtafuta mwongo, kwa sababu inawezekana kabisa hakuna aliyesema uongo.

Je, wenyeji waliwahi kukutana na tatizo hili la mgeni anayekuja na nguvu zake? Walikutana nalo, na wakaliweka katika masimulizi. Msomi Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika habari za Milansi, makao ya utawala wa kale wa Wafipa. Inasimuliwa kwamba walifika wanawake watatu wageni wakati mtawala wa Milansi yuko mawindoni, wakakalia kiti chake. Aliporudi, hapakumwagika damu. Yalifanyika mapatano: wageni, ambao ndio chimbuko la watawala wa Twa, wakachukua utawala wa nchi, na mwenyeji akabaki na Milansi yake, eneo lenye mipaka inayojulikana, pamoja na heshima yake katika mambo ya mila.

Mtu anaweza kusema hiyo ni hadithi tu. Lakini tuangalie kilichomo ndani yake. Mgeni hakufukuzwa, na mwenyeji hakufutwa. Aliyepoteza madaraka alibakishiwa mahali pake na sauti yake. Suluhu inayomwacha mtu mikono mitupu haidumu. Ni kuahirisha ugomvi tu.

Sasa tuje kwenye serikali zetu za mitaa. Ieleweke kwamba sheria haikuwasahau watu wa mahali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata uwezo wa kuamua kesi za ardhi, yakaachiwa usuluhishi, na yakapewa siku 30 kabla mlalamikaji hajaruhusiwa kwenda mbele. Wapo waliosema mabaraza yamenyang'anywa meno. Mimi naona kinyume chake. Mzee asiye na hukumu mkononi husikilizwa kwa hekima yake, na hakuna sababu ya kumhonga.

Tatizo ni kwamba wazee hawa huitwa moto ukishawaka. Niliwahi kukaa katika kikao cha kijiji kimoja mkoani humo, ambacho sitakitaja. Wataalamu walifika na ramani iliyokwisha chorwa, wakaisoma, wakauliza kama kuna swali. Bibi mmoja alisimama akaeleza kwamba mstari ule unapita juu ya chemchemi ambayo kiangazi hutumiwa na pande zote mbili. Akashukuriwa kwa heshima zote, akakaa. Hakuna aliyeandika neno lake. Kiangazi kilichofuata, ugomvi ulianzia palepale kwenye chemchemi.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, halmashauri ziwaulize wenyeji kabla ya kupima ardhi, na majibu yaandikwe katika muhtasari. Pili, tuchukue kanuni iliyomo katika Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002. Sheria hiyo ilimtaka mwenyekiti wa baraza la wilaya apokee maoni ya wazee wa baraza. Hakufungwa nayo, lakini akitofautiana nao alipaswa kutoa sababu. Kwa nini mkurugenzi na madiwani nao wasifungwe na adabu hiyo? Hatusemi wazee watawale. Tunasema anayewakatalia aeleze kwa nini.

Tatu, tuwe waangalifu na neno lenyewe 'mwenyeji'. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na hakuna kabila lenye hati ya nchi. Mfugaji aliyefika miaka 40 iliyopita, ambaye wanawe wamezaliwa bondeni, naye anajua mahali maji yanapokauka. Kikao cha wazee wa upande mmoja, au cha wanaume peke yao, hakipatanishi bali kinapanga vita.

Ndugu zangu Waislamu somo hili si geni kwetu. Makuraishi walipoijenga upya Al-Kaaba, kabla ya utume, koo zao zilikaribia kupigana kwa sababu ya nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake. Mtume (s.a.w.) alilitandikia nguo, kila ukoo ukashika pembe, wakalinyanyua pamoja, kisha yeye akaliweka. Hakuna ukoo ulioambiwa kwamba hauna haki, na hakuna ulioachwa nje ya nguo.

Wenyeji wa Sumbawanga hueleza kwamba jina la mji wao maana yake ni 'tupa uchawi', yaani anayeingia auache ubaya wake nje. Sharti hilo halimwulizi mtu kabila lake wala alikotoka, bali amekuja na nini moyoni. Maofisa wanaopangiwa kazi huko nao ni wageni wanaoingia. Wakiacha nje dharau kwa asiyesoma, wakakaa na wazee kabla ya kufungua ramani, chemchemi nyingi zitaendelea kutumiwa na pande zote mbili bila mtu kushika fimbo.

Wallahu a'alam.