HAKI YA JIRANI WA JUU NA JIRANI WA CHINI



Somo letu la leo limetokana na barua tuliyoipata kwa ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, aliyehamia Ikonge, mji wa soko ulioko katika milima ya Wagusii, kaunti ya Nyamira, akafungua huko duka la nguo. Amepanga vyumba viwili katika jumba la ghorofa lenye tabaka tatu. Yeye yuko tabaka ya kati. Juu yake akaa kijana mmoja, na chini yake akaa mama mwenye watoto, ambaye huondoka alfajiri kwenda kuchuma majani ya chai. Asema kuwa kijana wa juu hufungulia muziki tangu baada ya isha hata saa saba za usiku, na mshindo wake hushuka darini kama mtu atwangaye juu ya kichwa chake. Amemwendea mara mbili, zote mbili usiku, na zote mbili wameachana kwa maneno makali.

Nduguye aliyeko Mombasa amempa shauri: anunue spika kubwa kuliko ya kijana yule, aielekeze darini, na kila saa kumi za alfajiri aifungulie kisomo cha Qur'ani kwa sauti ya juu, mpaka jirani ashike adabu. Kwa njia hiyo, asema nduguye, atapata thawabu na atakuwa amekwisha kulipa kisasi. Sasa ndugu yetu auliza: Je, shauri hili lafaa?

JIBU KWA UFUPI

Halifai. Anayelifuata hapati thawabu aliyoitumai, na madhara hayaondoki, bali yatakuwa mawili. Qur'ani imeteremshwa ili isikilizwe kwa unyenyekevu. Si fimbo ya kumpigia jirani. Na yule atakayeamshwa kwa karaha saa kumi za alfajiri, asiyejua hata herufi moja ya yale yasomwayo, atajifunza nini ila kuyachukia? Dhambi ya chuki ile itakuwa juu ya nani?

Lakini kabla hatujaeleza njia iliyo bora, liko neno jingine katika barua hiyo, ambalo muulizaji amelitaja mwishoni kama jambo lisilo na uzito. Asema kuwa mwezi wa Ramadhani uliopita yule mama wa chini alimgongea mlango wakati wa daku, akilalamika juu ya kutwanga, kuburura viti na kisomo cha simu kilichokuwa kikisikika chumbani kwake. Ndugu yetu akahesabu kuwa mama huyo ana chuki na dini yetu. Sisi twamwambia, kwa mapenzi na wala si kwa kumtahayarisha: Ewe ndugu, yale uyalalamikiayo kwa jirani wa juu ndiyo aliyoyalalamikia kwako jirani wa chini. Sakafu yako ni dari ya mwenzio. Wahenga wetu walikwisha kunena: mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

JIRANI NI NANI?

Katika Sura ya Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametuamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, baada ya kutuamrisha kumwabudu Yeye peke yake na kuwatendea wema wazazi. Na katika wafasiri wako waliosema kuwa jirani wa mbali huingia ndani yake jirani asiyekuwa wa dini yetu. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa Jibrili hakuacha kumuusia juu ya jirani, hata akadhani kuwa atafanywa ni mrithi. Na Abdullahi bin Amri, sahaba, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, swali lake lilikuwa: je, jirani yetu Myahudi amepelekewa fungu lake? Hoja yake ilikuwa ni wasia huo huo wa Jibrili.

Basi kijana wa juu ni jirani, na mama wa chini ni jirani, wakiwa Wakatoliki, Wasabato au wasiokuwa na dini. Haki yao haingoji wasilimu. Na mtu aliye peke yake Mwislamu katika jumba zima ajue kuwa majirani zake huenda hawatasoma kitabu chochote kuhusu Uislamu maisha yao yote. Watausoma katika mlango wake.

KELELE NI MADHARA

Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walijenga nyumba za mawe ya matumbawe, kuta zake nene, sakafu zake boriti na chokaa nzito. Mtu aliweza kusoma darini na wa chini asijue. Nyumba tupangazo leo si hizo. Kuta ni nyembamba, sakafu ni zege tupu, na mshindo mzito wa ngoma hupenya ukuta kwa wepesi kuliko sauti nyembamba ya kinanda. Ndiyo sababu yule aliye na spika husikia wimbo, na jirani yake husikia kishindo tu, hata mmoja akastaajabu: huyu alalamikia nini? Mwenye kufanya kelele hazisikii kama azisikiavyo mwenzake. Basi asiwe yeye peke yake ndiye kadhi wa jambo lile.

Mtu asidhani kuwa jambo hili ni la zama hizi tu. Ibn al-Rami, fundi mkuu wa ujenzi wa Tunis katika karne ya 8 ya Hijria, ambaye makadhi walikuwa wakimtuma kukagua magomvi ya majumba, aliandika kitabu juu ya hukumu za majengo kwa madhehebu ya Imamu Malik. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza ni mtu aliyeweka kinu cha kusagia kikatikisa ukuta wa jirani. Walijuaje kuwa madhara yako kweli? Walitundika karatasi kwa nyuzi nne kutoka darini, wakaweka juu yake punje kavu za giligilani, kisha mwenye kinu akaambiwa akizungushe. Punje zikitikisika, huambiwa aondoe kinu chake. Zisipotikisika, mlalamikaji huambiwa amwachilie jirani yake. Tazameni insafu hiyo! Hawakumwamini mwenye kinu kwa kuwa ana sauti kubwa, wala mlalamikaji kwa kuwa analia. Walipima.

HATA IBADA INA ADABU YAKE

Huenda mtu akasema: muziki ni upuuzi, lakini kisomo na dhikri ni kheri, basi haviwi sawa. Twajibu: kheri haiwi ruhusa ya kumdhuru mtu. Abu Daud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa katika itikafu msikitini, akawasikia watu wakisoma kwa sauti za juu, akafunua pazia, akawakataza wasiudhiane na wala asipandishe mmoja sauti juu ya mwenzake, kwani kila mmoja alikuwa akimnong'oneza Mola wake. Hao walikuwa Waislamu, wako msikitini, na wasomacho ni Qur'ani. Seuze mchuma chai aliyelala nyumbani kwake!

Na katika Sahihi ya Muslim, Mikdadi asimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akirudi nyumbani usiku akitoa salamu kwa sauti ambayo aliye macho huisikia, na aliyelala haimwamshi. Hicho ndicho kipimo chetu: aliye macho asikie, aliyelala asiamke.

Kipimo hiki na sisi wa pwani tukijipimie. Adhana ni mwito, na imewekwa ili isikike. Ni ya dakika chache. Lakini darasa la saa mbili, kisomo cha hitima, maulidi na harusi, kwa nini bomba za vipaza sauti zielekezwe madirishani kwa watu, hata mgonjwa asilale na mtoto asisome? Aliyekuja kusikiliza yuko ndani; na asiyekuja hajageuka kuwa mwanafunzi kwa kulazimishwa.

KELELE SI ZA NAMNA MOJA

Yapasa kutenganisha. Ziko kelele za dharura: kilio cha mtoto mchanga, kikohozi cha mgonjwa, mvua juu ya mabati. Hizi ni za kuvumiliwa, na mwenye kuzilalamikia ndiye mwenye kuudhi. Ziko kelele za kazi: cherehani, nyundo, kinu, pikipiki iondokayo mapema. Hizi zina haki ya mchana, na usiku hupunguzwa kwa mapatano, kwa kuwa ni riziki ya mtu. Na ziko kelele za starehe, ambazo mwenyewe angaliweza kuzipunguza kwa kidole kimoja asipungukiwe na kitu. Hizi ndizo zisizokuwa na udhuru.

NJIA YA KUONDOA MADHARA

Kwanza, anza kwako. Ndugu yetu ateremke kwa mama wa chini, amtake radhi kwa yaliyopita. Atandike mkeka mnene, afunge vitambaa miguuni mwa viti, atwange vya daku tangu jioni, na asikilize kisomo chake kwa sauti isiyotoka chumbani.

Pili, amwendee kijana wa juu mchana, si usiku. Usiku mmoja ana hasira na mwingine ana aibu mbele ya wageni wake. Amsalimu kwa Kigusii, Bwakire, ikiwa ni asubuhi, na asiende mikono mitupu, Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharri azidishe maji katika mchuzi wake ili awakumbuke majirani. Kisha aseme jambo moja lililo wazi, asimtukane wala asimpe jina: si kumwambia wewe huna adabu, bali kumwambia kuwa baada ya saa tatu mshindo unashuka na usingizi haupatikani. Amwalike ashuke asikie kwa masikio yake, ndiyo giligilani yetu ya leo. Na amwombe lililo jepesi: spika itoke sakafuni, iwekwe juu ya blanketi lililokunjwa, na mshindo upunguzwe kuanzia saa waliyopatana.

Tatu, asiposikia, waitwe wapangaji wote na mwenye nyumba, iwekwe saa moja ya utulivu kwa jumba zima, naye muulizaji awe wa kwanza kuifuata.

Nne, ikishindikana, kushitaki si dhambi. Abu Daud amepokea khabari ya mtu aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kumlalamikia jirani yake. Akaambiwa arudi asubiri. Alipokuja tena mara ya pili au ya tatu, akaambiwa atoe vyombo vyake aviweke njiani. Wapitao wakamuuliza, akawaeleza, wakamlaumu yule mwenye kuudhi, hata akaja mwenyewe kumsihi arudi ndani akiahidi kuwa hatamuudhi tena. Angalieni mpango wake: subira kwanza, kisha kudhihirisha dhulma mbele ya watu. Hapana jiwe lililotupwa, wala hapana kelele iliyolipwa kwa kelele.

SHERIA YA NCHI

Na nchi yetu Kenya ina sheria katika jambo hili. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kuzuia uchafuzi wa kelele kumewekwa miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kabla ya hapo, kanuni za kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka mipaka: ndani ya makazi ni desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku wahesabiwa tangu saa mbili za jioni hata saa kumi na mbili za asubuhi. Nyumba za ibada nazo zimewekewa kiwango chao, 40 mchana na 35 usiku. Basi mwenye kudhulumiwa aweza kupeleka shauri lake kwa mzee wa mtaa, kwa chifu, kwa maafisa wa kaunti au wa mazingira. Lakini ajue kuwa sheria ile ile aichukuayo kupanda nayo tabaka ya juu, mama wa chini naye aweza kupanda nayo mpaka mlangoni kwake.

KHATIMA

Ewe ndugu wa Ikonge, usinunue spika. Fedha hiyo nunua mkeka wa sakafuni, na kitakachobaki nunua kitu cha kuwapelekea majirani wawili. Ukianza kwa wa chini, utapanda kwa wa juu ukiwa na uso wa kusema. Wala hatukuahidi kuwa kijana yule atabadilika siku moja. Twakuahidi tu kuwa hutakutana na Mola wako ukiwa ni mdhulumiwa kwa darini na dhalimu kwa sakafuni.

Maswali ya kutazamia darasa lijalo:
1. Taja kelele tatu zitokazo nyumbani kwako, na useme kila moja ni ya dharura, ya kazi au ya starehe.
2. Kwa nini yule mlalamikaji aliambiwa asubiri kabla ya kuambiwa atoe vyombo njiani?
3. Mara ya mwisho jirani alipokulalamikia, ulimjibu nini? Na leo ungemjibu nini?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuafikisha.