SOMO LA WAFANYAKAZI: SEVA IKINYAMAZA, USIKIMBILIE SWICHI



Katika viwanda na mashamba mengi, uzito wa majani ya chai, saa za zamu na hesabu za mishahara sasa huwekwa ndani ya kompyuta. Kompyuta hiyo ikinyamaza siku mbili kabla ya malipo, anayeumia kwanza ni mfanyakazi. Kwa hiyo somo hili ni la fundi, na ni la kila mwanachama pia. Tutajifunza ugonjwa mmoja: seva inayokwama kwa sababu ghala lake la kumbukumbu limejaa.

SEVA MOJA, KOMPYUTA NYINGI

Katika viwanda vya zamani injini moja ilizungusha mhimili mrefu, na mikanda ikapeleka nguvu kwa mashine nyingi. Seva ya leo inakaribiana na hiyo. Programu maalumu huigawa seva moja kubwa ikawa kama kompyuta nyingi: moja ya mizani, moja ya mishahara, moja ya barua. IBM walikuwa na fikra hii tangu miaka ya 1960. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, iliieneza katika seva za kawaida.

Tuichukue VMware kuwa mfano. ESXi ndiyo programu inayoendesha kompyuta hizo za ndani. Juu yake yuko msimamizi, vCenter, anayezipangia seva kazi na kumwonyesha fundi hali ya zote mahali pamoja.

KWA NINI INAKWAMA

Kila programu huandika logi, yaani daftari la matukio: nani ameingia, saa ngapi, kitu gani kimeshindikana. Katika vCenter madaftari hayo yana sehemu yake ya diski, iitwayo /storage/log. Kitu kikiharibika na kulalamika kila sekunde, daftari huvimba. Sehemu hiyo ikijaa, huduma za vCenter hushindwa kuandika na husimama. Fundi akijaribu kuingia, mara nyingi hupata kosa namba 503.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la somo hili. Msimamizi amezimia, lakini mashine bado zinazunguka. Kompyuta ya mizani na ya mishahara zinaendelea juu ya ESXi. Mtu akija kung'oa waya wa umeme wa seva, anaziua zote kwa mpigo, na huenda akaharibu hesabu iliyokuwa ikiandikwa wakati ule.

HATUA ZA KUFUATA

1. Waulize karani wa mizani na wa mishahara kama kazi zao zinaendelea. Kisha ingia katika ukurasa wa ESXi yenyewe, uone kompyuta zipi zinafanya kazi.

2. Kutoka hapo fungua konsoli ya vCenter, ingia kama root, uandike amri df -h. Mstari wa /storage/log ukisoma asilimia 100, ugonjwa umeonekana. Andika pia df -i, kwani mafaili madogo yakizidi mno, hakuna faili jipya litakaloandikwa hata kama nafasi ipo.

3. Andika du -a /storage/log | sort -n | tail. Mafaili makubwa yatatokea mwishoni mwa orodha.

4. Nakili logi kwenye kompyuta nyingine, na uhakikishe nakala inafunguka. Baada ya hapo futa yale ya zamani yaliyokwisha kufungwa, ambayo kwa kawaida huishia na .gz. Usifute faili ambalo programu ingali inaliandikia: jina litatoweka, lakini nafasi haitarudi mpaka programu ilifunge. Tena usiguse /storage/db, kwani humo ndimo hazina ya vCenter.

5. Ikiwa hakuna cha kufuta, diski hiyo iongezwe ukubwa kupitia ukurasa wa ESXi. Diski yenye snapshoti haikubali kuongezwa, basi snapshoti zishughulikiwe kwanza.

6. Nafasi ikipatikana, andika service-control --stop --all, kisha service-control --start --all. Subiri dakika kadhaa bila haraka. Mwisho hakikisha kwa service-control --status --all.

Kazi haijaisha hapo. Soma nakala za logi umtafute aliyekuwa akilalamika, la sivyo ghala litajaa tena. Logi zipelekwe pia kwenye seva nyingine ya kumbukumbu, na iwekwe kengele ya kuonya mapema, kabla ghala halijafurika.

LOGI NI SHAHIDI

Logi ya vCenter haisemi nani alibadili mshahara wako. Hilo hutafutwa ndani ya programu ya mishahara. Lakini husaidia kujua nani aliingia, nani aliizima kompyuta ya mishahara, au nani aliirudisha kwenye hali ya siku za nyuma. Na kompyuta ya mizani ikirudishwa nyuma siku tatu, kilo zilizopimwa siku hizo tatu hutoweka humo. Ukizuka mgogoro, logi ndiyo shahidi. Anayefuta bila kunakili anaweza kuwa na haraka tu, lakini amemfukuza shahidi.

Kwa hiyo kamati ya tawi inaweza kudai mambo matatu: logi zinakiliwe kabla ya kufutwa, kazi hiyo ifanywe mbele ya watu wawili na iandikwe, na kila mfanyakazi apewe stakabadhi ya mizani ya karatasi. Nawe, ndugu, itunze stakabadhi yako. Haihitaji umeme.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Hesabu zetu za mishahara ziko katika seva gani, na nani ana ruhusa ya kuigusa?

2. Seva ikikwama leo, tuna ushahidi gani wa kilo na saa za wiki hii?

3. Kwa nini kuzima umeme kunaweza kuleta hasara kuliko ghala lenyewe kujaa?