Karamu Ambayo Wageni Ndio Wapishi

Katika nyumba nyingi za Nakuru, chapati za Krismasi hazijawahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Mmoja hukanda, mwingine hukata madonge, wa tatu husukuma, na karibu na jiko hukaa yule anayeaminiwa kwamba hataunguza. Watoto huzunguka hapo wakisubiri chapati ya kwanza, ambayo aghalabu haifiki mezani. Ukitaka kualika watu waje wajipikie, kielelezo ni hicho. Kinafaa kwa chama kinachokutana nyumba kwa nyumba, kwa siku ya kuzaliwa, kwa majirani waliohamia mtaa wa Kiamunyi juzi, hata kwa ndugu waliopanda matatu kutoka Nairobi wakidhani wanakuja kuandaliwa.

Tatizo ni kwamba siku ya Krismasi kila mtu anajua nafasi yake, ilhali siku ya mwaliko hakuna anayeijua. Saa kumi alasiri maharagwe hayajaiva, kisu ni kimoja, watu wanane wamejazana mlangoni pa jikoni, na mwenyeji anatokwa jasho peke yake. Karamu ya kujipikia hufaulu au kuharibika kabla mgeni hajabisha hodi. Kanuni ni hii: kazi inayotaka saa nyingi imalize mwenyewe, na inayotaka mikono mingi waachie wageni.

Chagua vyakula vya mikono mingi

Chapati ndiyo ya kwanza. Ina hatua kadhaa, kila hatua inafundishika kwa dakika chache, na asiyejua kusukuma duara atatoa ramani ya Afrika na bado italiwa. Mukimo unafuata: viazi, mahindi, minji na majani ya maboga vikishachemshwa, kilichobaki ni kupokezana mwiko na kuponda vingali moto. Kachumbari na sambusa pia zinafaa, kwa kuwa watu hukaa mezani wakikata na kukunja huku wakipiga gumzo. Mishikaki inawapa kazi wale wanaopenda kusimama karibu na moto.

Epuka chakula cha sufuria moja na mpishi mmoja. Pilau ni tamu, lakini mmoja akiipika wengine hutazama tu, na mchele ukikorogwa na kila apitaye utakuwa bokoboko. Matumbo huchukua muda mrefu, na kuyasafisha si jambo la kumfanyisha mgeni. Samaki wa Naivasha wanafaa, mradi umwambie muuzaji awapare magamba na kuwapasua hukohuko sokoni.

Vyakula vitatu vinatosha: kimoja cha unga, kimoja cha sufuria na kimoja cha makaa. Ukiongeza cha nne, utajikuta umerudi jikoni kukisimamia.

Kwa viazi, tafuta aina ya Shangi kutoka Molo, Mau Narok au Kinangop. Huiva upesi na hupondeka bila mabonge. Ila Shangi huchipua mapema, kwa hivyo nunua siku mbili tatu kabla, si wiki mbili, na utupe vilivyogeuka kijani. Nyama ya mbuzi waweza kuipitia Kikopey, karibu na Gilgil kwenye barabara kuu ya Nairobi, unapoichagua mwenyewe ikiwa inaning'inia na kupimiwa. Watu wengi hula hapohapo. Wewe ichukue mbichi. Ukitaka mishikaki, omba mnofu usio na mifupa. Kilo moja inatosha watu wanne au watano iwapo kuna chapati na mukimo pembeni.

Mwinuko nao una neno

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na chochote kinachoivishwa kwa maji kinachelewa. Mapishi ya Mombasa yanayosema saa moja na nusu huku yatataka zaidi, na ukiwa Molo au Mau Narok, ambako ni juu zaidi, ongeza tena. Loweka mahindi makavu na maharagwe usiku kucha, kisha uyachemshe asubuhi kabla ya wageni kufika. Kwa maharagwe mekundu, mwaga maji ya kulowekea, uweke mengine, na uyatokose kwa nguvu walau dakika kumi mwanzoni, maana yakiwa nusu mbichi huumiza tumbo. Kazi kama hiyo haiachwi kwa kundi la watu ambao kila mmoja anadhani mwenzake anaitazama.

Angalia pia maji yenyewe. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi hubaki ikiwa imekolea zaidi. Kwa chakula cha kutokota saa nyingi, tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri au ya kununua.

Panga meza, kisha panga mioto

Tuseme umealika watu kumi. Gawa kazi katika vituo vitatu vilivyoachana: meza ya unga, meza ya kukatia mboga, na sehemu ya makaa nje. Kila kituo kiwe na vifaa vyake vyote, ili mtu asivuke nyumba nzima kutafuta chumvi. Meza ya unga ipate vibao viwili na miti miwili ya kusukumia. Ukikosa wa pili, chupa safi ya kioo inafaa. Meza ya mboga ipate visu vitatu au vinne vyenye makali. Kisu butu ndicho hukata vidole, kwa sababu mtu hukikandamiza.

Wengi husahau kwamba foleni haipo kwenye kusukuma, ipo kwenye kikaango. Kilo 2 za unga hutoa chapati 20 hadi 24. Kila moja ikikaa motoni dakika mbili, kikaango kimoja kitachukua karibu dakika hamsini, na chapati zilizosukumwa zitarundikana na kugandana. Tumia vikaango viwili kwenye mioto miwili, kwa mfano gesi na jiko la makaa. Chapati zilizosukumwa zitenganishe kwa unga kidogo, na zilizoiva zifunike kwa kitambaa safi ndani ya hotpoti ili zibaki laini.

Kuhusu unga wenyewe: kwa kilo 2 za ngano, andaa maji ya vuguvugu kama lita moja na robo, uyatie kidogo kidogo huku ukitazama, kwa kuwa unga haunywi maji sawa siku zote. Weka vijiko vinne vidogo vya chumvi na robo kikombe cha mafuta. Ukandwe dakika kumi, kisha ufunikwe na kupumzishwa nusu saa au zaidi. Halafu donge husukumwa, likapakwa mafuta, likakunjwa kuwa utepe, utepe ukaviringwa, na baada ya kutulia kidogo ukasukumwa mara ya mwisho. Tabaka hutokana na mviringo huo, na ndipo mgeni asiyewahi kupika hushangaa kwamba kumbe hakuna siri.

Ile nusu saa ya kupumzisha unga ndiyo huua shangwe, watu wakaanza kutazama simu. Dawa yake ni kukanda nusu ya unga mwenyewe mapema. Wageni wakifika, wanakanda kilo iliyobaki, wanaifunika, kisha wanaanza mara moja kusukuma ile iliyokwisha tulia. Ikiisha, yao iko tayari.

Moto, mvua na mikono michafu

Makaa yawashwe dakika thelathini hadi arobaini kabla ya nyama kuwekwa, mpaka yafunikwe na majivu meupe. Vijiti vya mishikaki vya mianzi vilowekwe nusu saa visishike moto. Kibao na kisu vya nyama mbichi visikaribie kachumbari, na karibu na kila meza kuwe na sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ni kibuyu chirizi kilichofungwa mtini.

Mvua ya alasiri si ajabu hapa, hasa kuanzia Machi hadi Mei na tena Agosti. Tayarisha baraza au turubai. Jioni ikiingia baridi, kutakuwa na mtu wa kupendekeza jiko liletwe sebuleni lipashe joto. Kataa bila aibu. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa usingizini. Wape wageni leso na chai ya tangawizi badala yake.

Kila mtu na jukumu lake

Mgeni anayeambiwa "Karibu, saidia popote" ataketi. Anayeambiwa "Baba, nyama hii iko mikononi mwako" atasimama. Mpokee kila mtu mlangoni kwa kazi yenye jina, mwanzo na mwisho. Watoto wapewe kuchambua minji na kukata dania kwa mkono. Shosho aliyekuja na wajukuu asipewe kazi ya kusimama. Mwekee kiti karibu na meza ya unga na umwombe awe mkaguzi. Atakosoa kila donge, na kicheko kitatoka hapo. Mama mkwe akija, muulize mbele ya watu jinsi mukimo unavyopikwa kwao, kisha ufuate asemavyo.

Nakuru, iliyotawazwa kuwa jiji Desemba 2021, imekuwa njia panda ya watu tangu reli ilipopita ikielekea Kisumu, na mezani kwako huenda pakawa na watu wa majiko matano tofauti. Tumia nafasi hiyo. Mwambie mgeni wako Mkalenjin alete mursik, yaani maziwa ya mgando, na sotet yake, awaeleze wengine jinsi kibuyu hicho kinavyosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mursik yenyewe haitengenezwi siku hiyo, inahitaji siku kadhaa. Wa kutoka Kisii au Kakamega mpe sufuria na unga wa mahindi aonyeshe ugali mgumu unavyosongwa, kisha mwingine ajaribu. Lakini uliza mapema nani hali nini. Mwislamu atataka nyama halali, Mhindu huenda hagusi nyama kabisa, Msabato hali nguruwe. Kikaango cha chapati kisiguse nyama hata mara moja, na kila mtu atakuwa na cha kula.

Ratiba ya Jumamosi

Ijumaa usiku: loweka nafaka, nowa visu, hesabu vikaango. Jumamosi saa mbili asubuhi: chemsha mahindi. Saa nne: kanda kilo ya kwanza ya unga, kata nyama na uitie chumvi, kitunguu saumu na ndimu. Saa sita: panga vituo. Saa sita na nusu: washa makaa, na uweke sahani ya njugu au viazi karai ili wageni wasianze kazi na njaa. Saa saba: wageni. Viazi viwekwe motoni wakifika, ili kuponda kuwe saa nane. Saa nane na nusu, hata kama chapati tano zimebaki, ita watu wale. Zilizobaki watazipika wenye hamu.

Wewe usishike mwiko, isipokuwa kitu kinaungua. Zunguka ukijaza maji, ukibadilisha watu vituo, ukimwonyesha mmoja ambaye atamwonyesha mwenzake. Na vyombo navyo ni sehemu ya mwaliko: beseni mbili za maji moto ziwe tayari kabla ya chakula kuisha, kwa kuwa watu waliopika pamoja huosha pamoja bila kunung'unika, mradi waanze kabla hawajaketi tena. Wafungie kilichobaki wachukue nyumbani. Na atakayeuliza karamu ijayo ni lini, mwambie tarehe aipange yeye, kwa kuwa itakuwa kwake.