Si Mtoro, Ni Damu Yake: Selimundu Darasani Kibarani

Mwalimu, huenda mtoto huyu unaye. Kipindi hakijafika nusu, keshaomba ruhusa ya choo mara ya tatu. Chupa ya maji haimtoki mkononi. Kesho haji, keshokutwa arudi macho yamepiga umanjano, na wenzake wameshampa jina. Kabla ya kumwandika mtoro au msumbufu, mwulize mzazi kama amewahi kupimwa selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu twauita sikoseli.

Kinachotokea ndani ya damu

Chembe nyekundu ya kawaida ni ya duara na laini, hupenya mshipa mwembamba bila taabu, na huishi siku 120 hivi. Kwa mtoto wa selimundu, herufi moja tu imebadilika katika jeni inayoelekeza himoglobini iundwe vipi. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikana, na chembe hujipinda kama mundu na kukakamaa. Mishipa huziba; mifupa huuma. Chembe hizo hufa baada ya siku 10 hadi 20, na mabaki yake ndiyo yanayotia macho umanjano.

Figo nazo huumia mapema, zikashindwa kubana maji, mkojo ukawa mwingi. Safari za chooni, basi, si hila ya kukwepa hesabu. Wako pia wanaopata kiharusi cha kimyakimya, kisicholemaza mkono wala mguu ila huwaibia umakini. Hapo mwalimu ndiye anayeweza kuona kwanza: mtoto aliyekuwa akifuata somo, siku hizi hafuati.

Mbona huku kwetu?

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka nchini akipima damu. Karibu na bahari na Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo zaidi ya watu 20 katika 100 walibeba jeni hii; nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka 1954 alichapisha sababu: malaria. Aliyerithi jeni moja hukingwa sana na malaria kali, na kwa kawaida haumwi selimundu. Aliyerithi mbili ndiye mgonjwa, na kwake malaria ni hatari kubwa.

Mbili hizo hutoka moja kwa baba, moja kwa mama. Tunalisema wazi kwa sababu ndoa zimevunjika kwa mke kulaumiwa peke yake. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Uchawi haumo.

Dawa zipo. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na hapa jirani Kilifi, ukachapishwa 2019, ulionyesha kuwa haidroksiurea hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na hata vifo. Hutolewa na daktari, kwa vipimo.

Shuleni tufanyeje

Darasa la mabati mchana wa Kibarani humkausha mtoto maji, na kukauka huko huamsha maumivu. Aachwe na chupa yake mezani, aende choo bila kuomba mara mbili. Mvua za kusi zikianza, avae sweta hata kama si ya rangi ya shule. Michezo asinyimwe, ila akichoka apumzike, wala asishindanishwe hadi aishiwe pumzi.

Bakora haina nafasi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikataza kwa kila mwanafunzi. Adhabu ya kupiga magoti juani nayo yaweza kumfikisha huyu wodini. Na wale wanaomwita majina ya macho yake? Wafundisheni habari hii ya chembe na mundu. Mtoto akijua kwa nini jicho la mwenzake ni manjano, mzaha hukosa utamu.

Akipata homa, akabanwa kifua, akapauka ghafla, mdomo ukaenda upande au mkono ukalegea, msingoje kengele ya kwenda nyumbani. Mpigieni mzazi mkiwa njiani kwenda hospitali ya Coast General.