UGONJWA WA MLIMANI: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA

Na Mwalimu wa Fiqhi



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, baadhi yenu wa madarasa ya juu mmeomba safari ya mlima Kilimanjaro. Ni ombi jema, kwani kutembea katika ardhi na kutazama viumbe vya Mwenyezi Mungu ni katika mafunzo ya Qur'ani. Lakini sisi watu wa pwani tumezaliwa usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu yake. Kabla ya kufunga mizigo, tujifunze kwanza ugonjwa unaowapata wapandao juu.

Kisa cha mwenzetu

Nilipokuwa mwanafunzi wa diploma tulipanda mlima huo kwa njia ya Marangu. Usiku wa kwanza tulilala Mandara, kiasi cha mita 2,700. Wa pili tulilala Horombo, kiasi cha mita 3,700. Hapo mwenzetu mmoja, kijana mwenye nguvu na mchezaji mpira hodari, alianza kuumwa kichwa na chakula kikamshinda. Mwongozaji alipomwuliza hali akajibu, "Alhamdulillahi, mzima kabisa." Alichelea kuchekwa.

Siku iliyofuata tulifika Kibo, mita 4,700 hivi. Jioni akatapika, kisha akaanza kupepesuka kama mlevi, naye hajapata kuonja pombe maishani mwake. Mwongozaji akamtaka atembee katika mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole. Hatua ya tatu akaanguka. "Niacheni nilale kidogo," akasema, "asubuhi nitakuwa salama." Mwongozaji akatugeukia: "Maustadhi, hili hatulisubirii asubuhi. Huyu anashuka sasa hivi."

Wakamshusha usiku ule ule kwa kurunzi, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kulipopambazuka, huko Horombo, aliomba chai. Alipona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na sababu ya kupona kwake ilikuwa kushuka.

Chanzo cha ugonjwa

Wapo wasemao kwamba anayeugua mlimani amepatwa na majini wa mlima. Sisi tunaamini kuwa majini wapo, kwani Qur'ani imewataja. Lakini si kila maradhi ni ya majini, na haya chanzo chake kinajulikana.

Tazama magodoro yaliyopangwa dukani, moja juu ya jingine. La chini kabisa limebanwa na uzito wa yote yaliyo juu yake, na la juu limefutuka. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Huku pwani imebanwa, na kila pumzi moja ina oksijeni nyingi. Juu mlimani imetawanyika. Pale Uhuru, pumzi moja inakupa takriban nusu tu ya oksijeni unayoipata ufukweni.

Katika Suratul An'aam, aya ya 125, Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa aliyepotea, kwamba kifua chake hubanwa kama cha mtu anayepanda kwenda mbinguni. Aya hiyo inazungumzia uongofu, si somo la tiba. Lakini aliyewahi kupanda mlima mrefu anauelewa mfano huo kwa kifua chake mwenyewe.

Mwili unaweza kuizoea hewa nyepesi, ila unahitaji siku kadhaa. Anayekwenda haraka kuliko mwili wake ndiye anayeugua. Nguvu na mazoezi havimkingi mtu. Hata wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wenyewe hujiita wagumu, huweza kupatwa.

Dalili zake

Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kuonekana juu ya mita 2,500, saa chache baada ya kufika. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu, kizunguzungu na usingizi wa mang'amung'amu.

Dalili za hatari ni hizi:

(i) Kupepesuka, kuchanganyikiwa au kusinzia kupita kiasi. Hapo ubongo unavimba.

(ii) Kuhema hata akiwa amekaa, kukohoa sana, au kutoa makohozi yenye povu au damu. Hapo mapafu yanajaa maji.

Mambo haya mawili huua, na huweza kuua kwa muda mfupi.

Kinga na tiba

1. Panda polepole. Waongozaji wanapokuambia "pole pole" hawakutanii. Juu ya mita 3,000, inashauriwa usiku hadi usiku usizidishe mita 500 za mahali pa kulala. Angalieni sasa: kutoka Horombo hadi Kibo ni mita 1,000 kwa siku moja. Ndiyo maana wenye busara hulala Horombo siku mbili. Siku hiyo ya ziada ina gharama, lakini haiwezi kulinganishwa na gharama ya jeneza.

2. Mwenye dalili za mwanzo asipande zaidi. Abaki hapo hapo apumzike. Zikizidi, ashuke.

3. Mwenye dalili za hatari ashuke mara moja, hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake. Oksijeni ya chupa na dawa husaidia, lakini visiwe sababu ya kuchelewesha kumshusha.

4. Kunywa maji ya kutosha, kwani hewa ya huko ni kavu. Hata hivyo maji peke yake hayazuii ugonjwa huu. Epuka dawa za usingizi.

5. Muone daktari kabla ya safari. Ipo dawa iitwayo Diamox inayousaidia mwili kuzoea, lakini si ya kila mtu, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande, kwani upungufu wa oksijeni huweza kumletea maumivu makali na madhara makubwa. Hata aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu amwambie daktari.

Hukumu ya sheria

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, na Qur'ani, katika Suratul Baqarah aya ya 195, inatukataza kujitupa katika maangamizi. Basi anayejua kuwa anaumwa na bado akapanda ili asichekwe, hiyo si subira. Subira ni kukubali kurudi ilhali kilele unakiona. Wala kisomo na dua havipingani na kushuka. Msomee mgonjwa huku mnamteremsha.

Sheria nayo imejaa wepesi. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala kwa masharti mliyoyasoma, na ya kufungua saumu ya Ramadhani akailipa baadaye. Asiyeweza kusimama kwa ugonjwa husali ameketi. Ikiwa Mola wetu ametuhafifishia ibada zake kwa sababu ya udhaifu wetu, kwa nini sisi tuone haya kuutaja udhaifu huo kwa mwongozaji?

Na wewe uliye mzima, usimcheke mwenzako. Kicheko chako ndicho kinachomfanya afiche maradhi. Afya yake ni amana mikononi mwa kundi zima.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari zenye salama na elimu yenye manufaa. Aamin.

Maswali ya mazoezi

1. Kwa nini pumzi moja ya mlimani ina oksijeni pungufu kuliko ya pwani?
2. Taja dalili mbili za hatari na hatua ya kuchukua kwa kila moja.
3. Mwenzako anaumwa kichwa Horombo na anakuomba umfichie siri. Utafanya nini? Toa dalili ya kisheria.
4. Eleza tofauti kati ya subira na kujitia katika maangamizi.

Wabillahi tawfiiq.