Namna ya kuoanisha majina ya wanachama bila kumdhulumu mtu

Wiki ya kugawana faida, mfumo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Tanga uliwafanya Salum na Salim kuwa mtu mmoja. Ni ndugu wa baba mmoja, kwa hiyo majina yao ya pili na ya tatu ni yale yale. Akiba ya mkubwa ikaingia kwa mdogo, mkopo wa mdogo ukamwangukia mkubwa, na mweka hazina wetu, mama mwaminifu kweli kweli, akasimamishwa mbele ya wanachama ajieleze. Wakati huohuo Khadija, ambaye daftarini ameandikwa Hadija, mfumo ukamhesabu kuwa watu wawili. Jambo hilo liliniuma, nikaamua kulishughulikia mwenyewe.

Kampuni iliyotuuzia programu ile ilikuwa imetuahidi kwamba inatambua majina yanayofanana. Nilipowabana wakasema wanatumia Soundex. Soundex ni kanuni ya Wamarekani: Robert Russell aliipatia hataza mwaka 1918, na baadaye ikatumika kupanga majina ya sensa za huko. Huacha herufi ya kwanza ilivyo, hutupa irabu pamoja na h, w na y, kisha konsonanti zilizobaki huzipa tarakimu. Ukiipa Salum inatoa S450. Ukiipa Salim, S450 ile ile. Khadija ni K320, Hadija ni H320. Kumuuzia Mswahili kanuni inayotupa irabu, bila kuirekebisha, ni kumdhulumu, nami nawaambia hivyo hata leo.

Njia niliyoitumia badala yake ina hatua tatu. Ya kwanza ni kusafisha: herufi ndogo zote, nafasi za ziada na nukta ziondoke. Hiyo unaijua.

Ya pili ni kutengeneza ufunguo wa matamshi, yaani umbo la jina la kulinganishia tu, huku jina lenyewe likibaki kama mwenyewe alivyoliandika. Siri yake niliipata nilipomwomba mweka hazina anisomee daftari kwa sauti. Palipoandikwa Yusuf alisoma Yusufu. Palipoandikwa Rashid alisoma Rashidi. Hakusita hata mara moja kuhusu irabu ipi aongeze, na hapo ndipo nikaona kwamba utaratibu upo. Majina yetu mengi yaliyotoka Kiarabu, yakiishia b, f au m, hupokea u: Yakubu, Yusufu, Salumu. Yakiishia d, l, n, r au s hupokea i: Rashidi, Jamali, Ramadhani, Omari, Hamisi. Karani mmoja huiandika irabu hiyo, mwingine huiacha. Basi ikate kwa utaratibu huohuo, ila majina mafupi kama Ali yaache.

Lakini a ya mwisho usiiguse kamwe! Rashid na Rashidi wanatofautiana kwa herufi moja. Rashid na Rashida nao kwa herufi moja. Hesabu peke yake haitakuambia kwamba wale wa kwanza ni mtu mmoja na hawa wa pili ni kaka na dada. Ufunguo mmoja ukiishia a na mwingine usiishie a, usiwaoanishe, hata vingine vyote vikilingana. Baada ya hapo kh iwe h, herufi pacha iwe moja, dh iwe z ili Ramadhani wa hapa akutane na Ramazani wa Kongo, na h ya mwisho ya Abdallah iondoke.

Hatua ya tatu ni umbali wa Levenshtein, uliopewa jina la Vladimir Levenshtein aliyeueleza mwaka 1965: unahesabu herufi ngapi ziongezwe, zifutwe au zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. Fatma na Fatuma ni 1. Salum na Salim nao ni 1, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Dawa yake ni gharama: kuongeza au kufuta kuwe 1, kubadilisha kuwe 2, na ukomo uwe 1. PostgreSQL, kwa kiongezi chake cha fuzzystrmatch, inakuruhusu kupanga gharama hizo. Asiyetaka kuandika msimbo atumie OpenRefine. Ni ya bure, na inakuonyesha makundi ya majina kabla ya kuyaunganisha, jambo ambalo programu tuliyoilipia haikulifanya. Rukia na Lukia kanuni hii haiwakutanishi, kwa hiyo jozi za r na l niliziweka katika orodha ya pembeni, na mweka hazina akawapigia simu wahusika.

Hesabu zilikaa sawa, na wanachama wakamwomba radhi mama yule kikaoni.

Kikundi chako kikiuziwa mfumo, mpe muuzaji jozi hizi azijaribu mbele yako: Yusuf na Yusufu, Khadija na Hadija, Fatma na Fatuma, Rashid na Rashida. Zile tatu za kwanza zikutane, ya mwisho itengane. Akishindwa, msimlipe.